Marehemu Alikuwa Otonglo Akiuza Samaki

Uvumi ule ulimfuata Inspekta Nasipwondi mpaka jikoni kwake. Kwanza aliusikia kituoni, kwa askari waliokuwa wakibadilishana zamu. Akausikia tena kwa mama wa mboga. Na jana kanisani, watu wakiwa wamefumba macho kwa maombi, mwanamke wa benchi la nyuma alimnong'oneza mwenzake: yule mama aliyetangazwa redioni kwamba amekufa, mama wa wale ndugu wa pampu ya kiwandani, ameonekana Otonglo akiuza samaki. Amejifunga kitambaa chekundu kichwani. Ametoa hata chenji.

Kisumu haikosi uvumi, hasa mwaka ule magugu ya ziwa yalipofunika ghuba na watu wengi kukaa bila kazi. Mwingi huingia sikio moja ukatokea la pili. Huu ulikataa kutoka.

Ijumaa iliyopita, mchana kweupe, stoo ya kiwanda cha nguo cha Nam Textile ilishika moto. Msichana mmoja aliyeitwa Apiyo, wa idara ya kuviringisha uzi, alikimbilia mlango wa nyuma akaukuta na kufuli. Moshi ukammaliza hapo hapo, mkono ukiwa bado kwenye komeo. Na cha kuuma zaidi, kiwanda kilikuwa na mpango. Tangu magugu yalipoziba bomba la kuvuta maji na mashine kusimama wiki nzima, wenye kiwanda walitaka iandikwe: ukitokea moto, stima ikipotea, maji yakikatika, nani atafanya nini na kazi itaendeleaje. Meneja Bildad Kinyua akauandika. Opiyo akapewa pampu ya moto. Ouma akapewa funguo za milango. Dalmas akapewa boila.

Alhamisi jioni redio ikatangaza kwamba mama yao, mtu wa Luanda Kotieno, amefariki. Alfajiri ya Ijumaa wote watatu wakapanda lori la waombolezaji, ufunguo ukiwa mfukoni mwa Ouma. Kabla jua halijasimama utosini, stoo ikawaka.

Opiyo alikamatwa Jumamosi mochari, amerudi mjini akitafuta maiti ya mama yake. Mji mzima ulishaamua: amehongwa aache pampu, akajitungia matanga. Hata mkubwa wa kituo aliridhika na maelezo hayo. Nasipwondi ndiye hakuridhika. Mtu anayejua hakuna maiti hatembei akiitafuta.

Na leo Jumatatu kiwanda kilikuwa kinafunguliwa, zamu ya mchana. Binti yake Nabwire, wa idara ile ile ya uzi, alikuwa mbele ya kioo akifunga vifungo vya gauni la kazi.

"Leo huendi," Nasipwondi alisema.

"Mama, nisipoenda wataandika nimetoroka. Kuna wasichana wamejaa pale getini wanangoja tu kiti changu."

"Mlango wa mbele mnatumia?"

"Umezibwa na mabati, paa la upande huo lilianguka. Tunaingilia nyuma."

"Na ufunguo wa huo wa nyuma sasa uko na nani, kama Ouma yuko kwao?"

"Kufuli ni jipya, ufunguo anao Gordon wa stoo. Kwa muda tu. Anatufungia ndani tusitoke na uzi, kama kawaida." Nabwire alinusa mkono wa gauni lake akakunja uso. "Nimefua hii mara mbili, bado inanuka. Halafu si harufu ya pamba. Pamba ikiungua inanuka kama shuka limeunguzwa na pasi. Hii ni kama mtu amechoma nyasi za shamba."

Nasipwondi alilishika gauni, akanusa begani. Kweli, nyasi. Akalitia hilo akilini, akachukua kofia yake.

"Nenda, basi," alisema. "Lakini mashine isiwashwe kabla hujaniona huko."

"Mama, utaniaibisha."

"Aibu utaizoea."

*

Konstebo Wakoli aliendesha Land Rover mpaka Otonglo. Kando ya barabara kuu ya Busia, katikati ya vibanda vya nyanya na viatu vya mitumba, kulikuwa na meza ya mbuta wa kukaushwa, na nyuma yake mama mnene mwenye kitambaa chekundu. Watu walikuwa wakipita mbali kidogo na meza yake. Wengine walisimama ng'ambo ya barabara, wakamtazama, wakaenda.

"Habari ya hapa, mama. Wewe ndiye Mama Dorca?"

"Ndiye mimi marehemu. Unataka samaki ama unataka kulia? Kama ni kulia enda kwetu, huko ndiko wanalia. Hapa tunauza."

Wakoli alikohoa ili asicheke. Nasipwondi alivuta kijibenchi akakaa.

"Mimi ni polisi, mama."

"Nimeona kofia. Karibu, nyathina, mwanangu. Polisi ndio watu wa kwanza kukaa karibu na mimi tangu nife."

"Ijumaa asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nimekaa kwa rafiki yangu wiki yote, nauza. Asubuhi lori likapita, watu wamejaa, wanaimba za kanisa. Nikasimama. Nikavua kitambaa kichwani, kwa heshima ya maiti." Alipiga mapaja yake. "Yawa! Kumbe maiti ni mimi, na wanaopita ni watoto wangu!"

"Hawakuuliza mwili uko wapi?"

"Watauliza nani? Wale wa nyumbani wanasema mwili uko Kisumu. Wale wa Kisumu wanasema mwili uko nyumbani. Kila mtu anangoja mwenzake alete. Mpaka mtu wa gari la samaki akaniona Jumamosi, akaacha gari lake katikati ya barabara akakimbia kwa miguu."

"Na sasa mbona hujaenda nyumbani?"

Uso wa Mama Dorca ulibadilika. "Kaburi limechimbwa. Umesikia? Shimo langu liko wazi pale bomani. Siwezi kuingia mpaka shimo lizikwe kitu badala yangu, litiwe mgomba, wazee waseme maneno. Dalmas na Ouma wako huko wanabishana na wazee. Na Opiyo wangu mmemweka ndani." Alimkazia Inspekta macho. "Mtoto wangu hawezi kuniua. Hata kwa redio."

"Hilo tangazo ulilisikia wewe mwenyewe?"

"Jirani ana redio. Amenirudilia neno kwa neno, kila mteja akija ananirudilia. Wameniua vibaya sana."

"Vibaya namna gani?"

"Watoto wangu wameitwa kichwa chini! Eti mama yao Opiyo, Ouma na Dalmas. Opiyo ni kitinda mimba! Nani kwetu anaita wa mwisho mbele ya wa kwanza? Hata mlevi hawezi. Jina langu Dorca, lakini kwetu mimi ni Min Dalmas, mama wa Dalmas, tangu nikiwa na meno yote. Halafu wasichana wangu wawili hawako. Halafu kwetu nilikozaliwa, Sondu, hakuna. Mimi ni nyar Sondu. Ukinitangaza bila Sondu, hapo umetangaza mtu mwingine."

Nasipwondi aliinuka polepole. Mtoto wa mama huyu asingekosea hivyo hata kama angekuwa anadanganya. Uongo wake ungefuata njia ile ile anayopita kila siku. Aliyetunga tangazo aliwajua wanaume watatu na kazi zao. Nyumba yao hakuijua.

"Chukua samaki," Mama Dorca alisema. "Hutaki? Hata wewe unaogopa?"

Nasipwondi alichukua mbuta mmoja, akalipa, akaumega mbele ya macho ya watu wote wa ng'ambo ya barabara, akala. Mama Dorca alijifuta macho kwa ncha ya leso.

*

Ofisi ya redio ya kupokea matangazo ya vifo ilikuwa chumba kimoja, dirisha moja, na watu wamepanga laini mpaka nje. Karani wake, Awuor, alikuwa mwanamke mwembamba anayesikiliza kwa kuinamisha kichwa upande, macho yakiwa kwenye karatasi.

"Mimi nachukua maneno tu, Afande. Kusoma hewani ni wengine."

"Aliyeleta tangazo la Luanda Kotieno unamkumbuka?"

"Namkumbuka kwa sababu ya kubishana naye. Alikuja amejifunga kitambaa mdomoni kama mtu anaumwa jino, na miwani ya jua. Nikamuuliza, nani kifungua mimba? Maana Opiyo kuitwa mbele niliona si kawaida. Akasema, andika vile wanaitwanga."

"Wanaitwanga wapi?"

"Sikuuliza. Watu wamejaa. Nikamuuliza tena, marehemu ni nyar wapi? Akasema wacha, muda ni mfupi. Nikafikiri uchungu umemchanganya. Waliofiwa wanasahau hata majina yao wenyewe."

"Ukimwona utamjua?"

"Kumwona, hapana." Awuor aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Lakini nikimsikia, nitamjua. Ana namna ya kuvuta jina, Afande. Watu wakifiwa hutaja majina chini chini. Yeye alikuwa anayatupa mbali, kama anaita mtu aliye ng'ambo ya uwanja."

Ndani ya Land Rover Nasipwondi alikaa mkono mlangoni, hakusema twende. Wanaitwanga wapi? Mwezi mzima Nabwire alikuwa akirudi nyumbani akiigiza zoezi la dharura la kiwandani, ameshika mwiko kama kipaza sauti, wadogo zake wakianguka kwa kicheko. Opiyooo, pampu! Oumaaa, milango! Dalmaaas, boila! Opiyo, Ouma, Dalmas. Hivyo hivyo, kila mara, mpaka yule mdogo wa chekechea akaanza kuyaimba akiogeshwa.

"Wakoli," alisema, "rudi ndani umwombe yule mama afunge dirisha lake kwa saa moja. Mwambie nayahitaji masikio yake."

*

Meneja Kinyua aliwapokea mlangoni mwa ofisi, mikono yote miwili imefungwa bendeji mpaka kwenye viwiko. Mji ulikuwa umemhukumu na yeye pia. Si mtu wa huku, walisema. Ametoka kwao Nyeri kuja kuchoma watoto wa watu apate pesa za bima. Nasipwondi mwenyewe alikuwa ameligeuza wazo hilo usiku mzima, maana nani aujuaye mpango kuliko aliyeuandika?

"Mikono hiyo?"

"Kioo cha dirisha la kina mama wa uzi. Nilivunja, nikatoa wale wa karibu. Apiyo alikuwa mbali." Alitazama sakafu. "Inspekta, mpango ulikuwa mzuri. Niliufanya kwa moyo wangu wote. Sijui ulikosea wapi."

"Majina ya wale watatu ulipata wapi?"

"Gordon Oduor wa stoo ndiye alinipa. Aliniambia hawa wanakaa nyumba moja Nyalenda, ukigonga mlango mmoja umewapata wote, usiku ama mchana. Niliona ni jambo la busara sana."

"Ulijua ni watoto wa mama mmoja?"

"Nilijua baada ya moto. Opiyo, Ouma, Dalmas, kwangu mimi majina hayo hayasemi kitu. Nilidhani ni marafiki wamepanga chumba pamoja. Ningejua..."

Nasipwondi alimwangalia vizuri. Asiyejua kwamba watatu hao wana mama mmoja hawezi kumuua mama huyo redioni. Akamtoa Kinyua kwenye hesabu yake.

"Na mpango ulisema nini juu ya mali?"

"Nusu ya marobota ya kitambaa yahamie godauni yetu ya Otonglo, ili stoo moja ikiungua tubaki na ya kuuza. Yangehama Jumamosi. Kule yangefunguliwa yakaguliwe, robota kwa robota."

"Jumamosi. Na moto ukawaka Ijumaa."

"Bahati mbaya."

"Yaliyopona moto yatahama lini?"

"Leo jioni. Yako pale nyuma, yameegemea ukuta wa kina mama wa uzi."

Nasipwondi aligeuka akatazama upande huo. Kama kuna mtu aliogopa marobota yale yafunguliwe, basi kazi yake Ijumaa iliishia nusu. Nusu nyingine ilikuwa inamngoja leo, kabla ya jioni. Na upande wa pili wa ukuta ule alikuwa Nabwire, nyuma ya kufuli.

"Zamu imeingia?"

"Wako ndani tayari, wanangoja king'ora."

"Usiwashe mashine. Mpango wako unataka zoezi kabla ya kazi kuanza?"

"Kila baada ya kusimama, ndiyo. Lakini leo watu wote watatu hawako, nilitaka tuliruke..."

"Lifanye. Usimwambie mtu ni mimi nimesema. Nani anayeita majina?"

"Gordon. Ana sauti."

Nasipwondi alitoka, akamwambia Wakoli asogeze Land Rover chini ya nguzo ya kipaza sauti na kumwacha Awuor ndani, dirisha wazi. Kisha akaelekea stoo, akijilazimisha atembee kama mtu asiye na haraka.

Gordon Oduor alikuwa mtu wa kicheko, shati jeupe, pete ya funguo ikining'inia kiunoni.

"Afande! Umekuja kununua jora la gauni? Kwako nitapima kwa mkono mrefu."

"Nimekuja kuona ukuta tu, jaduong', mzee wangu. Pole na msiba wa moto."

"Tumepoa. Mungu amebakisha haya." Alipiga robota kofi, robota likayumba.

Robota la kitambaa haliyumbi kwa kofi. Nasipwondi alijifanya hakuona.

"Wapagazi wako wana raha. Nilidhani vitu hivi ni vizito."

"Ni mikono yao imezoea." Kicheko kikaja, lakini kilichelewa.

"Na mlango wa kina mama, umefungwa?"

"Lazima. Ukiacha wazi, jioni uzi wote uko sokoni Kibuye. Hao mama zetu wanajifunga uzi tumboni mpaka unadhani ana mimba ya miezi tisa, kesho yake ameshazaa!" Alicheka peke yake.

Mjumbe wa ofisini alichungulia. "Gordon, meneja anasema zoezi. Sasa hivi."

"Zoezi? Leo?" Gordon aliangalia marobota, akaangalia saa, akamwangalia Inspekta. "Haya. Afande, tafadhali, stoo haikai na mgeni peke yake."

"Nakufuata," alisema Nasipwondi, akainama kufunga kamba ya kiatu. Alipoinuka Gordon alishafika uani.

Alitoa kisu alichoazimwa na Wakoli, akalichana robota tumboni. Juu kulikuwa na kitambaa kizuri, mikunjo miwili, mitatu. Chini yake vikamwagika vijiti vyepesi vya rangi ya udongo, vyenye tundu tundu ndani kama sifongo. Alivijua. Kila mtu wa Kisumu alivijua mwaka ule. Magugu ya ziwa, yaliyokaushwa juani. Hiyo ndiyo nyasi iliyokataa kutoka kwenye gauni la Nabwire. Kitambaa chenyewe kilikuwa kimeshauzwa zamani, na aliyekiuza alijaza robota kwa kitu ambacho ziwa lilikuwa likigawa bure.

Harufu nyingine ikamfikia puani. Alizunguka nyuma ya marobota. Pale, kwenye pembe ya ukuta wa kina mama, palikuwa na debe la mafuta ya taa, limefunikwa gunia. Gunia lilikuwa limelowa tayari.

King'ora kikalia.

Alitoka mbio. Uwanja ulikuwa umejaa wafanyakazi wa idara nyingine, na kwenye jukwaa dogo Gordon ameshika kipaza sauti. Ukasikika ule mlio wa kukwaruza, halafu sauti yake ikatandaa juu ya mabati.

"Opiyooo! Pampu!"

Watu walicheka. "Opiyo yuko ndani kwa serikali!" mtu alipaza sauti. "Mwite kwa nguvu, pengine selo itafunguka!"

"Oumaaa! Milango! Dalmaaas! Boila!"

Hakuna aliyejibu. Gordon mwenyewe alisita, kama mtu aliyeamka akakuta anatembea. Mdomo ulikuwa umemtangulia. Ndani ya Land Rover Awuor alikuwa amefunga macho, kichwa upande. Akayafungua. Akamtafuta Nasipwondi kati ya watu, na kuitikia kwa kichwa mara moja: ndiye.

Gordon aliiona ile ishara. Akauona na uso wa karani wa matangazo. Kipaza sauti kilimponyoka, kikaanguka kwa kishindo kilichowafanya watu wazibe masikio, na baada ya kishindo ndipo sauti nyingine ikasikika, kutoka nyuma: viganja vya wanawake vikipiga mlango wa chuma.

Gordon alikimbilia upande wa ua wa ziwani. Funguo ziliruka ruka kiunoni mwake.

Nasipwondi alisimama kitambo kidogo tu. Mguu mmoja ulimtaka mtu, mwingine ulitaka mlango. Hakujua kama kule stoo kuna kitu kimeachwa kinawaka polepole chini ya gunia. Hakujua kabisa.

"Wakoli, mshike!" Na yeye akageukia mlango.

"Nani hapo nje?" sauti zilipigana ndani. "Zoezi ama ni kweli? Fungueni! Fungueni yawa!"

"Mtaimbo!" Nasipwondi alipiga kelele. "Leteni mtaimbo!"

Kinyua ndiye aliyeuleta, ameukumbatia kwa bendeji zake. Waliuingiza kwenye kufuli wote wawili, wakaning'inia. Damu ilianza kupenya kwenye bendeji ya meneja. Kufuli lilikataa. Wakaning'inia tena, mafundi wawili wakaja wakaongeza uzito wao, na komeo likang'oka na kipande cha fremu.

Wanawake walitoka kama maji. Nasipwondi alisimama kando akiangalia kila uso, na kila uso haukuwa ule alioutafuta. Nabwire alitoka wa mwisho, ameshikana mkono na mama mmoja mzee asiyeweza kukimbia.

"Mama," alisema, akimshika mamake bega. "Mama, ni zoezi tu."

"Ndiyo," alisema Nasipwondi. "Ni zoezi tu."

Ndani ya stoo hakukuwa na kinachowaka. Kiberiti kilikuwa mfukoni mwa Gordon, waliomkamata kwenye waya wa ua walikikuta hapo. Wakoli alimleta amechanika shati, kicheko kimemwisha.

"Kwa nini mama yao?" Nasipwondi alimuuliza.

"Wakiwepo, pampu ingezima ile moto mapema. Na kwa kitu kingine hawawezi kuondoka wote watatu. Kwa mama tu."

"Na Apiyo?"

"Sikutaka mtu afe, Afande. Haki ya Mungu. Nilitaka tu waondoke. Ufunguo sikuufikiria. Sikufikiria kwamba Ouma ataondoka nao."

Wanawake wa idara ya uzi walikuwa wamesimama karibu, na mama yule mzee alianza kulia jina la Apiyo, taratibu, bila kupaza.

Jioni Opiyo aliachiliwa akapelekwa moja kwa moja Otonglo kwa mama yake. Mashine hazikuwashwa. Kinyua alikaa ofisini na ule mpango wake mezani, mikono imefungwa upya.

"Nianzie wapi, Inspekta? Niuandike wote upya?"

"Utauandika. Lakini kwanza bandika kitu getini, kifupi, ambacho hata mtu wa darasa la nne atasoma akielewa."

Kinyua hakuweza kushika kalamu. Nabwire ndiye aliyeandika, kwa herufi kubwa, mamake akisema:

MAMBO YA KUEPUKA

Usiwafungie watu ndani kwa sababu ya uzi.

Usiwape watoto wa mama mmoja kazi zote za hatari. Msiba wao ni mmoja.

Usiondoke na ufunguo wa watu wengine, hata kama umefiwa.

Ukisikia umefiwa, usiondoke kabla ya kuuliza mwili uko wapi na nani ameuona.

Usiruke zoezi kwa sababu watu hawako. Hiyo ndiyo siku ya kulifanya.

Usiamini robota ambalo hujalifungua.

Usidharau harufu ngeni kwenye nguo ya mtoto.

Usimpeleke mtoto wako kazini kabla hajakuonyesha mlango wa pili.